Alijitoa kwenye utafiti, akaacha na dawa: uchambuzi wa kisa kimoja cha ridhaa katika hospitali ya mkoa

Kisa hiki kilitokea miaka kadhaa iliyopita katika hospitali ya rufaa ya mkoa mmojawapo wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Sitaitaja hospitali hiyo, kwa kuwa kosa lililotokea pale lingeweza kutokea katika hospitali yoyote ya mkoa inayopokea watafiti, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa lenyewe ilikuwa yangu. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, na kwa siku tatu za wiki nilikuwa pia muuguzi wa utafiti uliokuwa ukiendeshwa ndani ya kliniki hiyohiyo. Mgonjwa mwenyewe ameniruhusu kukieleza kisa chake kwa sharti kwamba jina lake na la kijiji chake yasitajwe, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili asitambulike hata na jirani yake.

Alikuwa fundi wa kupasua mbao, mwanamume wa miaka arobaini na ushei, anayeishi upande wa misitu ya misonobari na milingoti, mahali ambapo asubuhi ukungu hauondoki mpaka jua liwe limepanda. Alikuwa amekohoa kwa zaidi ya miezi miwili akidhani ni vumbi la mbao, na alipofika kwetu alikuwa na kilo 49, mwili ukiwa umebaki mabega na mikono tu. Mashine ya GeneXpert ilionyesha vimelea vya kifua kikuu katika makohozi yake, bila dalili ya usugu kwa rifampisini, na kipimo cha VVU, ambacho hufanyiwa kila mgonjwa wa aina hii, hakikuonyesha maambukizi. Matibabu yake hayakuwa na utata wowote: vidonge vitatu vyenye mchanganyiko wa dawa nne kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne. Dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya umma nchini kote, na zingetolewa kwake hata kama hakungekuwa na mtafiti yeyote ndani ya jengo lile.

Utafiti wenyewe haukubadilisha dawa wala dozi. Ulilenga kupima kiasi cha dawa kinachofika katika damu ya mgonjwa baada ya kumeza, katika wiki ya pili na ya nane ya matibabu. Siku ya kipimo mgonjwa humeza vidonge vyake saa 2 asubuhi mbele ya muuguzi kabla ya kula chochote, kisha huchukuliwa damu saa 3, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 jioni. Ni vichupa vitano, kila kimoja kikiwa na mililita nne, yaani kwa siku nzima jumla isiyozidi vijiko vinne vya chai. Kwa mtu wa maabara kiasi hicho ni kidogo. Kwa mtu aliyekonda, ambaye hajala tangu jana na anaona kichupa cha nne kikijaa, kiasi hicho si kidogo hata kidogo, na ni vizuri tukakubali hilo mapema.

Nataka ieleweke kwamba siandiki dhidi ya utafiti. Swali lililoulizwa lilikuwa la maana. Dozi ya rifampisini tunayoitumia, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, iliwekwa zamani kwa kuangalia pia gharama na hofu ya madhara, na kwa miaka mingi watu wamejiuliza kama wagonjwa wetu waliokonda wanapata dawa ya kutosha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Tanzania kwa wagonjwa 365, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Waliopewa miligramu 35 kwa kila kilo pamoja na dawa nyingine za kawaida walisafika makohozi katika muda wa wastani wa siku 48, wakati waliopata dozi ya kawaida walichukua siku 62. Katika jaribio hilohilo makundi mawili yaliyopewa dawa mpya, SQ109, yalifungwa mapema kwa sababu hayakuonyesha tumaini lolote. Hata hii tiba ya miezi sita tunayoiona ya kawaida ilipatikana kutokana na wagonjwa wa huku kwetu: mwaka 1970 lilianza jaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakati ambapo matibabu yalichukua miezi 18, na wagonjwa waliokubali kushiriki ndio waliouonyesha ulimwengu kwamba muda huo unaweza kupunguzwa hadi theluthi. Deni letu kwa wagonjwa hao ni kubwa, na kwa sababu hiyo namna tunavyowaomba wagonjwa wa leo ni jambo la kuangaliwa kwa makini.

Siku ya ridhaa naikumbuka vizuri. Chumba chetu kilikuwa na meza moja, madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na baridi ya Juni ikipita katikati yetu. Upande wa kushoto wa meza palikuwa na rejista ya kifua kikuu ya serikali, na upande wa kulia palikuwa na faili za utafiti. Nilimweleza mgonjwa ugonjwa wake, jinsi ya kumeza dawa, mkojo utakaogeuka rangi, na pombe, maana ulikuwa bado msimu wa ulanzi katika vijiji vyao na nilitaka aelewe kwamba ini lake sasa lina kazi nyingine. Nilipomaliza, sikuinuka kwenye kiti. Nilisogeza rejista pembeni, nikavuta faili la kulia, nikaanza kusoma fomu ya ridhaa yenye kurasa nne. Nilisoma yote, kwa Kiswahili, bila kuruka, kwa muda wa dakika ishirini hivi. Alijibu "Sawa, sista" mwishoni mwa kila aya. Nilipomuuliza kama ana swali, aliuliza moja tu: "Hizi dawa nitaanza kumeza leo?" Nikamjibu, "Ndiyo baba, leo hii hii," nikafurahi kwamba amefuatilia. Akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyemaliza darasa la saba. Nikampa nakala yake, na baada ya hapo nikampa dawa.

Nimelirudia swali lile kichwani mara nyingi sana. Mtu aliyekuwa amesomewa fomu ya kuombwa damu aliuliza kuhusu dawa, na mimi sikushtuka. Alikuwa akiniambia waziwazi kwamba kwa ufahamu wake, sahihi ile ndiyo ufunguo wa kabati la dawa.

Wiki ya pili alikuja, akatoa vichupa vyote vitano bila kulalamika. Wiki ya nane alikuja pia, akiwa ameongezeka kilo nne na makohozi yake yakiwa safi, lakini uso ulikuwa mwingine. Wenzake wa kambi ya mbao walikuwa wamemwuliza damu nyingi hivyo inakwenda wapi, na mmoja alikuwa ametaja mumiani, neno ambalo katika nchi hii halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyekulia kijijini. Baada ya kichupa cha tatu, saa 6 mchana, aliteremsha mkono wa shati lake taratibu, akasema, "Sista, imetosha. Sitaki tena hii." Nilikuwa nimefundishwa kwamba mshiriki anapotaka kutoka asibembelezwe wala asiulizwe maswali ya kumbana, kwa hiyo nilijibu kama nilivyofundishwa: "Sawa baba, ni haki yako. Hakuna shida kabisa. Nenda ukapumzike." Nikaandika katika fomu kwamba amejitoa kwa hiari yake, nikaweka saa na tarehe. Nikampa nauli yake, kwa kuwa nauli ilikuwa na daftari la kutia sahihi na hesabu yake hufungwa kila jioni. Dawa sikumpa. Siku ile ndiyo alitakiwa kuanza dawa za awamu ya pili, lakini katika ratiba ya siku ya kipimo dawa zilitolewa mwishoni, baada ya kichupa cha tano saa 10 jioni, nasi hatukufika saa 10 jioni. Saa 7 mchana alikuwa ndani ya kosta akirudi kwao, mkono ukiwa na pamba na mfukoni hana hata kidonge kimoja.

Kwa wiki tano hakuna aliyemtafuta kwa ajili ya dawa. Sababu yake ndiyo sehemu ya kisa inayonisumbua zaidi. Katika rejista ya kliniki, wagonjwa wa utafiti waliwekewa herufi U kwa kalamu nyekundu mbele ya majina yao, ili wasisumbuliwe mara mbili, na muuguzi mwenzangu alikuwa amezoea kwamba mwenye U anafuatiliwa na watu wa utafiti, ambao walikuwa na simu yenye salio na pikipiki yenye mafuta. Kwa upande wa utafiti, aliyejitoa hufutwa katika orodha ya ufuatiliaji siku ileile, kwa kuheshimu uamuzi wake. Kila orodha iliamini kwamba yuko katika orodha ya pili. Ni kweli kwamba karani wa utafiti alimpigia simu mara kadhaa kuthibitisha kujitoa kwake kwa ajili ya kumbukumbu, lakini hakupokea, na baadaye nilielewa ni kwa nini: katika simu yake namba yetu ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la "Watu wa damu".

Aliyegundua ni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, alipokuja mwishoni mwa robo mwaka kulinganisha rejista na dawa zilizopo kabatini. Alishika kasha lenye jina la mgonjwa yule, likiwa halijafunguliwa, akaliweka mezani mbele yangu na kuuliza, "Huyu ni mtoro wenu au wetu?"

Kesho yake nilikwenda kijijini pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa kata ile. Tulimkuta ameketi juu ya gogo nje ya nyumba yake, akinoa msumeno, na kikohozi kilikuwa kimeanza kurudi. Tulisalimiana "Kamwene", akaitikia bila kinyongo, akamwita mkewe alete kiti. Nilimwuliza mbona hakurudi kuchukua dawa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sista, si nilikuambia sitaki tena? Ukasema sawa, hakuna shida. Sasa ningerudi kuchukua dawa za nani?" Mkewe akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, kwamba wao walielewa hivi: hospitali ilitoa dawa, wao wakatoa damu, na walipoacha kutoa damu ikawa haki kwamba dawa nazo zikome. Hakukuwa na hasira katika maneno yale. Walikuwa wameona mapatano yamevunjika upande wao, na waliona aibu kuja kudai.

Niliomba kuiona fomu. Mama alikwenda ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye kadi za kliniki za watoto, risiti ya mchango wa shule, na fomu yetu, imekunjwa mara nne na haina hata doa. Nikafungua ukurasa wa tatu, nikamsomea sentensi iliyosema kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kuathiri huduma anazostahili. Alinyamaza, akaniomba nirudie, kisha akasema: "Hii huduma mimi nilijua ni hayo mambo ya damu. Hapo pangeandikwa dawa, ningeelewa."

Makohozi aliyotoa siku ile yalionekana tena kuwa na vimelea, vichache lakini vipo. Kipimo cha usugu kilikuwa salama, nalo hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, kwa maana kukatisha dawa kwa wiki tano kungeweza kutupeleka mahali pabaya zaidi. Alianzishwa matibabu upya tangu mwanzo, na ugonjwa ambao ungemalizwa kwa miezi sita ulichukua zaidi ya tisa. Mtoto wake wa miaka minne alichunguzwa, akaonekana hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga. Msimu mzima wa kupasua mbao ulimpita.

Sasa nieleze ninavyokiona kisa hiki.

Kwanza, karatasi zote zilikuwa sahihi. Utafiti ulikuwa na kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Fomu ilikuwa ya Kiswahili. Mgonjwa alisomewa, akaulizwa kama ana maswali, akatia sahihi, akapewa nakala. Alipotaka kutoka, aliachiwa atoke. Mkaguzi angekuja wakati wowote asingeona kasoro. Ndiyo maana nasema tatizo halikuwa katika kukiuka utaratibu. Lilikuwa katika kuamini kwamba utaratibu ukitimia, basi mtu ameelewa.

Mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake nchini Marekani walilipa jina jambo ambalo kila muuguzi wa utafiti amewahi kuliona: mgonjwa kuamini kwamba kila kinachofanywa na watafiti kimepangwa kwa ajili ya nafuu yake yeye. Walilichunguza kwa wagonjwa wa akili. Kilichotokea kwetu kilikwenda hatua moja zaidi. Mgonjwa wetu hakudhani tu kwamba utafiti ni sehemu ya tiba. Aliamini tiba ni mali ya utafiti. Dhana ya kwanza humfanya mtu akubali kushiriki kwa matumaini yasiyo sahihi, nayo ina ubaya wake, kama walivyojua wale waliotakiwa kuwaeleza watu wa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban mnamo Novemba 2023 kwamba chanjo za VVU zilizokuwa zikijaribiwa katika utafiti wa PrEPVacc zinasimamishwa kwa sababu hazikuwa na dalili ya kukinga. Dhana ya pili humfanya mtu ashindwe kutoka bila kupoteza maisha yake, na aliyenaswa namna hiyo hana uhuru, hata kama fomu inasema anao.

Dhana hiyo haikutoka kwa ujinga wa mgonjwa, na huwa naumia ninaposikia ikielezwa hivyo. Tuliijenga sisi, tena kwa maneno yetu ya kila siku. Hospitalini tunasema "uchunguzi" tukimaanisha kupimwa ugonjwa, na katika fomu tulikuwa tumeandika "uchunguzi huu" tukimaanisha utafiti. Tunasema mgonjwa "amesajiliwa" anapoingia katika rejista ya kifua kikuu, na tulisema "amesajiliwa" alipopewa namba ya utafiti, siku ileile, mezani palepale. Anayeacha dawa tunamwita mtoro. Anayejitoa kwenye utafiti tunasema ametumia haki yake. Lakini mratibu alipouliza mtoro ni wa nani, hakuna aliyeona ajabu kwamba neno moja linatumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Na neno "huduma", ambalo waandishi wa fomu hulipenda kwa sababu linabeba kila kitu, kwa mtu aliyeketi mbele yangu halikubeba kitu chochote kinachoshikika. Kiswahili hakikutuangusha. Kina neno dawa, kina neno damu, kina neno bure. Tuliyaacha hayo, tukachagua maneno ya ofisini.

Lakini hata fomu ingeandikwa vizuri kiasi gani, bado kulikuwa na mimi na kiti changu. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linaonya kuhusu hali ambapo mgonjwa anamtegemea yule anayemwomba ridhaa, na linataka katika hali hiyo ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye sifa ambaye hana uhusiano huo na mgonjwa. Nilikuwa nimejifunza sentensi hiyo katika mafunzo na kuifaulu katika mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu mimi, kwa sababu mimi si daktari na nilijiona mtu mdogo. Kwa mpasua mbao aliyetoka mbali akiwa anakohoa, mwenye sare nyeupe na ufunguo wa kabati la dawa si mtu mdogo. Angewezaje kukataa ombi la mkono uleule uliokuwa karibu kumpa dawa? Na hata kama asingekuwa na nia ya kukataa, angewezaje kujua kwamba ni maombi mawili, wakati anayeomba ni mmoja, sauti ni moja, na kilichobadilika ni faili tu?

Mtafiti mkuu, mtu ninayemheshimu na aliyelichukulia jambo hili kwa uzito, hakukubaliana nami katika mambo yote. Alisema fomu ilipitiwa na kamati, na kwamba mgonjwa aliyesoma hadi darasa la saba na kukaa na nakala nyumbani kwa wiki nane naye ana sehemu yake ya wajibu. Alisema pia kwamba tukilihesabu tukio hili kuwa dhara la utafiti, basi kila mgonjwa wa kliniki anayekosa dawa tutalazimika kulihusisha na utafiti. Hoja ya kwanza naielewa, ingawa naona nakala iliyokunjwa mara nne pamoja na kadi za watoto inaonyesha heshima kwa karatasi, haionyeshi kusomwa kwake. Hoja ya pili siikubali. Mgonjwa yule asingekosa dawa kama asingekuwa katika utafiti: asingewekewa herufi nyekundu, asingepangiwa kupewa dawa jioni baada ya sindano, na asingekuwa na kitu cha kujitoa. Tulijadiliana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mwishowe taarifa iliandikwa kwa kamati ya maadili kama tukio lililotokana na mwenendo wa utafiti, yeye mwenyewe akaitia sahihi.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuwa makubwa, na lile lililosaidia zaidi halikugharimu hata shilingi moja: siku ya kipimo, dawa za mwezi mzima zinawekwa mkononi mwa mgonjwa asubuhi, kabla ya sindano ya kwanza. Akitaka kuondoka saa yoyote, ameondoka nazo. Herufi nyekundu zilifutwa katika rejista, na anayejitoa anasindikizwa na muuguzi wa utafiti hadi kwa muuguzi wa kliniki, anatajwa kwa jina, na tarehe yake ya kurudi inaandikwa akiwa amesimama pale. Neno "huduma" liliondolewa katika fomu, na badala yake ikaandikwa sentensi fupi kwamba dawa za kifua kikuu ni za serikali, ni za bure, na atapewa hata akikataa utafiti au akijitoa.

La kutenganisha anayetibu na anayeomba lilikuwa gumu zaidi. Kliniki ilikuwa na wauguzi wawili, na bajeti ya utafiti haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Tulichofanya ni kuwaomba wagonjwa waliokwisha kupona watusaidie kueleza, wakilipwa nauli na chakula cha mchana, huku kutia sahihi kukisogezwa hadi siku nyingine ili mtu apate kulala na jambo hilo. Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango nikamsikiliza mama mmoja, muuza viazi sokoni, akimweleza kijana aliyekuwa na hofu. Alisema: "Mwanangu, hawa wana vitu viwili. Dawa ni yako, hata ukiwakatalia watakupa. Damu ndiyo wanakuomba, na ukiona hutaki, waambie hutaki, kisha nenda kamwone nesi uchukue dawa yako." Baada ya hapo akamtaka kijana arudie kwa maneno yake mwenyewe, na aliporudia vibaya akamsahihisha, mara mbili, bila haraka. Zilikuwa dakika saba. Mimi nilikuwa nimetumia ishirini.

Lilibaki suala la damu iliyokwisha kuchukuliwa. Mpasua mbao alikuwa ametupa vichupa vitano wiki ya pili na vitatu wiki ya nane, na vyote vilikuwa bado katika friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, vikisubiri kibali cha kuhamisha sampuli kwenda maabara nyingine. Fomu ilisema damu iliyotolewa kabla ya kujitoa inaweza kuendelea kutumika. Niliona haitoshi kutegemea sentensi nyingine ya fomu ileile. Alipokuja siku ya kumaliza dawa, akiwa na kilo 58 na mkewe pembeni, nilimweleza damu iko wapi, itapimwa nini, na kwamba bado anaweza kuamua. Alifikiri kwa muda. Akasema vile vitano vya kwanza vitumike, kwa kuwa alivitoa kwa moyo wake, na kama vitamsaidia mtu mwingine ni vizuri. Vile vitatu vya mwisho alivitoa moyo ukiwa umekwisha kukataa, kwa hiyo vitupwe, na angependa kuona vikitupwa.

Mtu wa maabara alivaa glavu nene, akafungua friza, akatoa kisanduku na kutafuta namba yake. Vichupa vilitoka vimefunikwa na barafu nyeupe, akavifuta kwa kidole ili namba isomeke, akamwonyesha kimoja baada ya kingine, kisha akavitia katika mfuko wa taka za kuchomwa na kuufunga. Daftari la kuharibu sampuli lina nafasi ya sahihi mbili, ya mtu wa maabara na ya muuguzi. Tuliongeza mstari wa tatu kwa rula, naye akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi.